Uliza Maalim: Epo la Fuoni, mvinje wa pwani na miti inayohesabu baridi

Mwezi huu sijui kumetokea nini, manake zaidi ya nusu ya meseji mlizotuma zinauliza kitu kimoja kwa njia mbalimbali, kwa nini mti wa Ulaya hautaki kukaa kwetu na wa kwetu hautaki kukaa kwao. Basi nimeyakusanya pamoja. Wale wa mbolea na wa funza wa mahindi mtanisamehe, zamu yenu toleo lijalo inshaallah.

Swali: Assalaam alaykum Maalim. Nilikula epo nikapanda mbegu zake kwenye ndoo, zikaota mbili, mmoja nikauhamishia uani na sasa uko mwaka wa nne, kimo ushanipita, majani mazuri lakini ua hata moja sijaona. Nimetia samadi ya ng'ombe, nimetia mbolea ya dukani, jirani ananambia niumwagie barafu shinani kila asubuhi. Nifanyeje? (Mama wa Fuoni)

Jibu: Waalaykum salaam bibie. Kwanza acha hiyo barafu, mti hautafaidika na umeme utakumaliza. Mti wa epo una hesabu yake, kila majira ya baridi vitumba vyake vinalala na haviamki mpaka vipitiwe na saa nyingi za baridi ya kati ya digrii 0 na 7 hivi, na aina nyingi za maepo tunayouziwa Darajani zinataka saa 800 mpaka 1,000, yaani ukizipanga mfululizo usiku na mchana ni mwezi mzima na zaidi ndani ya friji. Sasa sie huku Zanzibar hata kipupwe kikikaza, ule mwezi wa saba watu wanatoka na masweta alfajiri, usiku bado uko kwenye digrii 20 na kitu. Kwahiyo mti wako hauumwi na udongo wa Fuoni hauna kosa, umekaa tu kama mtu anayesubiri daladala ambayo haipiti njia ile. Na baridi yenyewe inahesabiwa juu kwenye vitumba, si kwenye mizizi, ndo maana barafu ya shinani haina kazi.

Utaniuliza mbona mbegu ziliota. Mbegu ya epo nayo inataka baridi kabla haijaota, ila epo lako lilisafiri na kukaa ghalani kwenye baridi wiki na wiki kabla halijafika sokoni, mbegu zikamaliza hesabu yao humo humo.

Wapo waliofanikiwa nchi za joto. Kule Batu, kisiwa cha Java, Indonesia, wakulima wakishavuna wanapukutisha majani yote kwa mkono, mti unabaki fito tupu, halafu unachipua majani na maua kwa mpigo bila kupitia ule usingizi wa baridi. Lakini wale wako mlimani. Hata bara wanaolima maepo ni watu wa Lushoto na Njombe, huko juu, maana kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama digrii 6, na sie kilima chetu kirefu kabisa hakifiki hata mita 200, utapanda wapi? Zipo aina zinazoridhika na baridi ndogo, kuna Anna iliyozalishwa Israel na kuna Dorsett Golden iliyoanzia Bahamas ambako nako ni visiwani na hakuna milima, ukitaka kubahatisha tafuta mche uliobebeshwa wa aina hizo. Huo wako wa mbegu hata siku ukizaa hautazaa lile epo ulilokula, mbegu za epo hazifuati mama.

Ningekuwa mie ningeung'oa nikapanda mtufaa. Unazaa huku huku bila kubembelezwa, kivuli kizuri, na ni ndugu wa mkarafuu na mzambarau, ukoo mmoja wote watatu.

Swali: Shikamoo Maalim. Skuli tumefundishwa miti ya nchi za joto haipukutishi majani na ya nchi za baridi ndo inapukutisha. Lakini nyumbani kwetu mbuyu unabaki mtupu na mkungu wa barazani unapukutisha mpaka nachoka kufagia. Nikiandika hivo kwenye mtihani ntakosa? (Mwanafunzi, Chake Chake)

Jibu: Marahaba mwanangu. Andika ulichofundishwa upate maksi zako halafu hapa tuongee ukweli, manake ufagio wako umeona vizuri kuliko daftari.

Mti haupukutishi kwa sababu ya jina la nchi, unapukutisha kwa sababu ya maji. Jani linavuta maji kutoka ardhini na kuyatoa hewani mchana kutwa, sasa ikifika wakati mizizi haipati maji ya kutosha jani linakuwa mzigo, bora lianguke. Ulaya majira ya baridi maji yanaganda ardhini, yapo lakini hayanyweki. Kwetu yanakauka wakati wa jua. Sababu ile ile, milango miwili. Inayobaki na majani mwaka mzima ni ile ya sehemu zenye mvua au unyevu wakati wote, kama Jozani ambapo maji hayako mbali chini ya ardhi. Na Ulaya nako wapo wanaobaki kijani theluji ikiwa magotini, ile misonobari, jani lake limekuwa jembamba kama sindano na limepakwa nta, halipotezi maji. Halafu katika hao hao wa sindano kuna mmoja anaitwa lachi, Siberia umejaa, huo unapukutisha sindano zote! Kwahiyo hakuna kanuni isiyo na mkaidi wake.

Tofauti kubwa ni saa. Mti wa Ulaya unajua baridi inakuja kabla haijafika kwa sababu mchana unafupika, London mwezi wa sita mchana unapita saa 16 na mwezi wa 12 unashuka mpaka chini ya saa 8. Wenye jamaa Uingereza wanajua, Ramadhani ikiangukia kiangazi chao wanafuturu usiku karibu watu wanataka kulala, sie magharibi yetu haichezi, mchana mrefu na mfupi wa Unguja na Pemba havipishani hata saa moja. Mti wa huku hauwezi kutegemea kitu kisichobadilika, unategemea mvua. Mbuyu unahesabu masika na vuli.

Leo ukitoka skuli fanya hivi. Okota jani la mkungu lililoanguka, lile jekundu lenye manjano manjano pembeni kwenye mishipa. Huo wekundu ni aina ya rangi ile ile inayowafanya Wazungu wapige picha miti yao ya mepo (maple, si epo) mwezi wa kumi, mti unanyonya kwanza vitu vya thamani kutoka kwenye jani, ile rangi ya kijani inavunjika, manjano iliyokuwa imejificha inatokeza na nyekundu inatengenezwa pale pale, kisha kwenye kikonyo inajengeka tabaka inayokata njia na jani linadondoka lenyewe. Halafu nenda kwenye mbuyu, kwaruza gome kidogo tu kwa ukucha, utaona kijani chini yake. Mbuyu ukiwa hauna jani hata moja bado unatengeneza chakula kidogo kupitia gome. Msufi nao ukishapukutisha ndo maganda yanapasuka, sufi inapeperuka bila majani ya kuizuia, na wenye kushona mito wanajua ndo wakati wa kwenda kuokota.

Swali: Ule mvinje wa ufukweni si ndo mti wa Krismasi wa Wazungu? Mimi na mwenzangu tumebishana mpaka tumewekeana soda. (Vijana wa maskani, Nungwi)

Jibu: Anayesema siyo anywe soda yake. Chukua hiyo mnayoita sindano muivute taratibu, itakatika kwenye viungo viungo na mtoto anaweza kuirudishia kama haijachanika. Sindano ya msonobari haina viungo. Ya mvinje ni kijitawi, majani yake halisi ni vile vimeno vidogo sana vinavyozunguka kila kiungo, ukitaka kuviona uwe na macho ya ujana. Kwao ni Asia ya kusini mashariki, Australia na visiwa vya Pasifiki, na baridi ya kuganda haiutaki kabisa. Umebuni umbo lile kwa sababu ya chumvi, upepo na mchanga usioshika maji, na mizizi yake imefanya urafiki na bakteria wanaoipatia naitrojeni, ndo mana unasimama pale ambapo hata mpapai ungekufa.

Mkitaka jamaa wa baridi wa kweli kweli vukeni Pemba mkatembelee msitu wa Ngezi. Kwenye sehemu yake ya mchanga kuna vichaka vya ukoo wa Erika, jina la kitaalamu limebeba kisiwa cha Mafia, na ndugu zake ndo vile vinavyoota Kilimanjaro juu ya mstari wa msitu na vile vinavyofunika milima ya Uskochi. Pale Ngezi kimekaa usawa wa bahari, jirani na minazi. Watu wanapita kwenda Vumawimbi kuogelea hawaangalii hata pembeni, mie ningekuwa na uwezo ningeweka kibao.

Swali: Nilipelekwa kozi Finland. Msitu wao ni mkubwa lakini unatembea saa nzima unaona miti ile ile. Ni kweli wana aina chache au mie sikuangalia vizuri? (Mtumishi, Kiembe Samaki)

Jibu: Uliangalia vizuri ndugu yangu. Sehemu kubwa sana ya msitu wa Finland ni aina chache tu, misonobari na jamaa zake pamoja na mti wenye gome jeupe uliouona. Mwaka 2022 wanasayansi walikadiria duniani kuna kama aina 73,000 za miti, na nyingi ziko ukanda wa joto, Amerika ya Kusini peke yake ina zaidi ya asilimia 40. Finland zama za barafu ilifunikwa yote, haikubaki na mti, kwahiyo kila ulichokiona kilirudi baadae kutoka kusini, na si kila mti ulijua njia ya kurudi. Halafu kuna wadudu. Kwetu mdudu hana likizo, miche ikiota mingi ya aina moja chini ya mama yao inashambuliwa yote, ya aina nyengine inapata nafasi, miaka maelfu ya mchezo huo unapata msitu wa mchanganyiko. Baridi inawapunguza wadudu kila mwaka na mti mmoja unaweza kutawala.

Lakini tusijisifu sana, kwa umri wao wametupita. Mbuyu mkongwe uliopimwa kusini mwa Afrika ulipita miaka 2,000, huko milima ya California kuna msonobari unaopita miaka 4,800 na bado uko hai.

Swali: Maalim mie fundi seremala. Mbao za paina kutoka bara zina mistari mizuri lakini laini na mchwa anazipenda, mfenesi na mvule havina shida hiyo. Na hii mistari ndo umri wa mti? Mteja wangu ana mwembe ulioanguka anataka nimwambie una miaka mingapi. (Fundi, Mwanakwerekwe)

Jibu: Fundi, hapo umegusa penyewe. Mpaina mwingi wa bara, ule wa mashamba ya Sao Hill kule Mufindi, asili yake ni Mexico milimani, ukapelekwa Mufindi kwa sababu kuna ubaridi. Unakua haraka, unavunwa ukiwa na miaka ishirini na kitu, na ubao wake ndani umejengwa kwa vijibomba vya aina moja karibu wote, ndo mana msumeno unapita kama siagi na msumari hauchani. Mvule na mfenesi ni miti ya majani mapana, ubao wake umechanganya mishipa na nyuzi, na ule wa moyoni umejaa dawa ambazo mti wenyewe umeziweka dhidi ya mchwa na kuvu. Ule unga wa manjano unaokubakia mikononi ukiranda mfenesi, ambao baadae ubao unageuka hudhurungi wenyewe ukikaa, hizo ndo dawa zenyewe. Kwa paina nunua iliyotiwa dawa, na tafadhali sana vipande vyake usimpe mtu akapikie, baadhi ya dawa hizo zina aseniki na moshi wake ni sumu.

Mistari sasa. Ulaya ni rahisi, mti unakua haraka majira ya machipuo ubao unatoka mweupe mweupe, mwisho wa kiangazi unapunguza mwendo unatoka mweusi mwembamba, halafu baridi unasimama kabisa. Mwaka mmoja mstari mmoja, wataalamu wao wanaangalia boriti ya mwaloni ya nyumba ya zamani wanakutajia mti ulikatwa mwaka gani. Kwetu mti hausimami vile. Msaji unatoa mistari ya kuaminika kwenye nchi zenye kiangazi kikali, lakini mwembe wa Unguja wenye masika na vuli na manyunyu ya katikati unaweza kuandika miwili mwaka mmoja na usiandike wowote mwaka mwengine. Mnazi ndo usiuguse, hauna mistari kabisa ndani, yale makovu ya nje ni makuti yaliyoanguka. Mwambie mteja wako atafute mzee wa mtaani aliyekuwa akiiba maembe pale utotoni.

Swali: Sie ni kikundi cha kinamama tunapanda mikoko. Mgeni alituambia kwao Ulaya hakuna mkoko hata mmoja, kweli? Na kwa nini miche yetu ya upande wa bahari inakufa? (Kikundi, Micheweni)

Jibu: Kweli kabisa, Ulaya hakuna, pwani zao za tope zina majani tu. Mkoko ukipigwa na baridi ya kuganda mara kadhaa unakufa, kwahiyo kaskazini unaishia kama Bermuda. Ila mchu, huu huu wetu wenye mizizi inayochomoza kama penseli kwenye tope, ni mgumu kuliko wenzake, unafika New Zealand na kusini kabisa mwa Australia bara, kule Victoria.

La pili, mara nyingi mnapanda mkoko wenye mbegu ndefu kwa sababu ni rahisi kuchomeka, lakini sehemu inayopigwa na mawimbi na kufunikwa na maji muda mrefu siyo yake, pale ni pa mlilana. Angalieni msitu wa asili ulio karibu, nani kasimama mbele na nani kasimama nyuma, mufuate safu hiyo hiyo. Na kama pale miti haijawahi kuota kabisa basi kuna sababu, msilazimishe.

Swali: Maalim mie Mpemba niko Toronto. Nimechukua karafuu za paketi nimepanda kwenye chungu sebuleni, mwezi wa tatu huu kimya. Nataka mkarafuu wangu japo mmoja. (Mtu wa Wete, Canada)

Jibu: Wallahi nimecheka mpaka miwani imeanguka. Mtu wa Wete weye! Karafuu ya paketi ni tumba la ua lililochumwa kabla halijafunguka kisha likaanikwa juani mpaka likawa jeusi, hata ukilimwagia zamzam halioti. Mbegu inatoka kwenye tunda, lile linaloachwa mtini mpaka linavimba na kuwa la zambarau, na hiyo nayo haitaki kukauka, ukiiweka siku chache tu inakufa. Mbegu ya msonobari unaikausha unaiweka kwenye baridi miaka, ya mkarafuu, mfenesi na mwembe haina subira hiyo kwa sababu kwao haikuhitaji kamwe kusubiri, inaanguka penye joto na unyevu inaota.

Na tusiseme mkarafuu ni wa Pemba tangu Adam. Kwao ni visiwa vya Maluku, Indonesia, ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 na Seyyid Said akalazimisha watu kuupanda, kisha kimbunga cha mwaka 1872 kikaangusha mikarafuu mingi ya Unguja na Pemba ikashika usukani. Angalia na miti mengine tunayoiita yetu, mwembe umetoka India, mkorosho Brazil, mshelisheli Pasifiki, mdarasini Sri Lanka. Yote imevuka bahari nzima lakini imebaki humu humu kwenye ukanda wa joto, imesafiri na jua. Weye unataka kuupeleka kaskazini ambako Januari inashuka chini ya sifuri, ni safari nyengine kabisa.

Unaweza kuuweka ndani, lakini ujue unachokitafuta. Utataka mche mdogo au mbegu mbichi, na mimea haipiti mpakani bila cheti cha afya ya mimea cha huku na ruhusa ya huko, uliza kwanza kabla hujamtia mjomba matatani uwanja wa ndege. Ukiupata, chungu kirefu, udongo wa kupitisha maji, mwanga mwingi, na uuweke mbali na hita manake hewa yake kavu inaunguza ncha za majani kabla hata baridi haijaufikia. Karafuu usitegemee, shambani kwenyewe unachukua miaka sita mpaka minane kuanza kuzaa na unataka kuwa mti mzima. Utapata majani, na jani la mkarafuu ukilisugua mkononi linanukia vile vile. Mwezi huu mwaga hizo za paketi, au zirudishe jikoni kama hujazitia mbolea.